Kigundua metali kinapopiga kelele kwenye mchanga mbichi wa bahari

Kwenye mchanga mkavu mashine imetulia kabisa. Shuka hadi pale maji yalipopwa muda si mrefu, nayo inaanza kulia ovyo huku na huku, ukichimba hakuna kitu. Wenye mashine mpya hunilalamikia kwamba ni mbovu. Si mbovu. Chini ya koili, ile sahani yenye waya unayoipitisha juu ya mchanga, kweli kuna kitu kinachopitisha umeme, nacho ni chumvi.

Lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi. Mchanga ukilowa maji hayo, sumaku ya koili huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, vilevile inavyoiamsha ndani ya sarafu. Mikondo ya chumvi ni hafifu na hufa upesi. Tatizo ni kwamba karatasi ya alumini hujibu karibu hivyo hivyo, na mkufu mwembamba wa dhahabu pia. Ndiyo maana simshauri mtu aipangie mashine ikatae kila kinachofanana na chumvi. Kelele zitaisha, ndiyo, na mikufu utaikanyaga ukiendelea na safari. Afadhali upunguze usikivu kidogo kidogo mpaka itulie. Utapoteza kina fulani, lakini mashine inayopayuka haikupi kina chochote.

Kabla ya hapo, isawazishe na ardhi. Tafuta mahali pasipo na metali, kwenye mchanga mbichi wenyewe na si ule mkavu wa juu, kisha inua na ushushe koili mpaka sauti isibadilike. Kwa mashine ya masafa mamoja, yaani inayotuma wimbi la kasi moja tu ya mtetemo, hili hutosha pale ambapo adui ni chumvi peke yake. Pakiwa na mchanga mweusi wenye madini ya chuma, mambo huharibika: madini hayo hujibu kwa namna nyingine kabisa, na ukinyamazisha moja, jingine linaamka. Mashine ya masafa mengi hulinganisha majibu ya masafa ya chini na ya juu, hivyo huweza kuondoa sauti ya chumvi na ya madini kwa pamoja. Zile za mapigo, zinazotuma umeme kwa vipindi vifupi vifupi, hukata umeme, husubiri mikrosekunde chache chumvi ife, ndipo husikiliza. Zinafikia vitu vilivyo chini sana, ila kutofautisha msumari na pete ni udhaifu wao, kwa hiyo jiandae kuchimba takataka.

Jinsi unavyotembea nayo ina uzito wake. Fuata ukingo wa maji, usipande na kushuka, kwa sababu unyevu hubadilika kila hatua unapoelekea baharini na usawazishaji wako haudumu. Koili ibaki kimo kimoja kutoka mchangani. Ukiinyanyua kila inapofika mwisho wa upande mmoja, italia palepale. Wimbi likipita juu yake, acha lirudi kwanza.

Ukipata mlio, geuka upande, upitishe koili ukikata njia ya kwanza. Kitu halisi hulia tena mahali palepale. Mlio wa chumvi huhama au hupotea.

Na kama kelele bado hazikomi, fungua kifuniko cha koili. Mara nyingi humo ndani kuna mchanga mbichi na maji ya chumvi, umevibeba mwenyewe kila uendako. Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, urudishe.