Je, wajua? Yai la asubuhi na sukari ya damu: tazama limekaa na nani sahanini

Jioni pale Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, humkosi kijana mwenye ndoo ya mayai ya kuchemsha. Unamwambia "nipe moja", analiambua, analipasua kati kwa kisu, anashindilia kachumbari na pilipili, anakukabidhi kwenye kipande cha karatasi. Ami yangu ana kisukari mwaka wa sita sasa, na kila akimpita kijana huyo hugeuza uso. "Mayai nimeyaacha, mwanangu. Sukari." Kisha anakaa barazani na kuagiza chai ya maziwa na mahamri matatu.

Si yeye peke yake. Nimesikia wazee wengi mjini wakiliweka yai kwenye kapu moja na halwa. Kwa hiyo swali ni la haki: yai linapandisha sukari ya damu au halipandishi?

Tuanze na kilichomo. Yai kubwa la kuku, ukiondoa gamba, lina uzani wa gramu 50 hivi. Protini ni gramu 6, mafuta gramu 5, na wanga haufiki hata gramu 1. Sasa geukia hamri. Katika kila gramu 100 za unga mweupe wa ngano, wanga ni karibu gramu 75, na sisi tunaukanda unga huo kwa tui, iliki na sukari, kisha tunauteremshia na chai yenye sukari nyingine. Wanga ukifika tumboni humeng'enywa ukawa glukosi, glukosi ikapenya kuta za utumbo ikaingia damuni. Kongosho hapo hutoa insulini, ambayo ndiyo inayofungulia chembe za mwili mlango ziichukue hiyo sukari. Mwenye kisukari cha aina ya pili, mlango huo umeshika kutu: insulini inabisha, wenyewe hawaitikii, na baada ya miaka kongosho nalo huchoka kubisha. Sukari inabaki ikizunguka damuni.

Yai halileti mzigo huo. Lakini mjuzi atauliza: kwani protini haiwezi kugeuzwa sukari? Inaweza, na kazi hiyo hufanywa na ini. Watafiti wa Ufaransa walilipima jambo hili wakatoa matokeo mwaka 2013. Waliwapa watu wenye afya mayai manne ambayo protini yake ilitiwa alama ili ifuatiliwe mwilini, wakawaangalia kwa saa nane. Katika muda huo mwili ulitengeneza glukosi gramu 50 hivi, na iliyotoka kwenye protini ya yale mayai ilikuwa takriban gramu 4. Hicho ni kijiko kimoja cha chai cha sukari, kimegawanywa kwa saa nane. Chai ya ami ina vitatu, na anaimaliza kabla haijapoa.

Ingekuwa mambo yaishie hapo ningekuwa nimemaliza makala. Lakini hofu ya wazee haikutoka hewani, na ukizisoma tafiti zenyewe unakuta zinavutana mashati.

Ufini, wanaume 2,332 wa umri wa kati walifuatiliwa kwa karibu miaka 19. Waliokula mayai kama manne kwa wiki walipata kisukari cha aina ya pili kwa kiwango cha chini kwa asilimia 37 kuliko waliokula yai moja tu. Hayo yalitoka mwaka 2015. Miaka mitano baadaye ukaja uchambuzi wa watu wazima 8,545 wa Uchina, nao ukasema kinyume: waliokula zaidi ya gramu 38 za yai kwa siku, yaani kama yai moja dogo, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kisukari kwa asilimia 25 hivi, na waliozidi gramu 50 kwa asilimia 60 hivi. Mwaka huohuo wa 2020 watafiti wa Marekani walizikusanya tafiti nyingi pamoja. Kwa Wamarekani, kila yai moja kwa siku liliandamana na ongezeko la asilimia 18. Kwa Wazungu wa Ulaya halikuonyesha lolote. Kwa Waasia, hatari ilionekana hata kushuka kidogo!

Kuku ni yuleyule. Yai lavuka bahari likabadilika tabia?

Mimi sioni hivyo. Tafiti za namna hii huwauliza watu wanakula nini, kisha huwasubiri miaka. Yai halikai peke yake katika maisha ya mtu. Mmarekani mla mayai mengi mara nyingi huyala na nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi na mkate mweupe uliopakwa siagi. Uchina, ulaji wa mayai ulikaribia kuongezeka maradufu, kutoka gramu 16 kwa siku mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi gramu 31 mwaka 2009, na hiyo ndiyo miaka ambayo mafuta na nyama viliongezeka mezani na watu wakapunguza kutembea. Watafiti hujaribu kuyachuja haya kwa hesabu, lakini chujio lina matundu. Kumshtaki yai hapo ni kama kumkamata mtu kwa sababu alikaa meza moja na mwizi.

Ndiyo maana naupenda zaidi utafiti wa Australia, ambao haukuuliza tu bali uligawa sahani. Watu 140 wenye kisukari cha aina ya pili au wanaokikaribia waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilikula mayai 12 kwa wiki, la pili yasiyofika mawili, kwa miezi mitatu, na wote wakashauriwa watumie mafuta yenye afya. Mwishoni sukari zao hazikutofautiana, wala lehemu (kolesteroli) mbaya haikupanda kwa walaji wa mayai. Miezi mitatu si miaka kumi na tisa, nakubali. Hata hivyo ni ushahidi wa karibu zaidi na yai lenyewe.

Sasa turudi kwetu, kwa sababu hapa Lamu majina ya vyakula yanadanganya. Mtu akikuambia asubuhi alikula "mayai tu", muulize kwa namna gani. Mayai mboga yaliyokaangwa kwa vijiko viwili vya mafuta yana mafuta mengi kuliko mayai yenyewe, na pembeni pana chapati mbili. Katlesi imechovywa kwenye yai, lakini ndani ni kiazi. Na mkate wa mayai, ule mtamu wa kupigwa hata ukafura, si ule wa nyama, ni sukari na unga vilivyoshikanishwa na mayai. Ukiula vipande vitatu halafu mashine ya kupimia sukari ikasoma 14, yaani juu mno, yai halina kesi ya kujibu.

Lakini kuna jambo moja lililonifurahisha kuliko yote, nalo ni kwamba yai linaweza kumsaidia huyo hamri kutulia. Siri iko kwenye zamu. Mwaka 2015 madaktari wa New York waliwalisha watu 11 wenye kisukari mlo uleule siku mbili tofauti. Siku ya kwanza walianza na mkate na maji ya machungwa, na robo saa baadaye wakala kuku na mboga. Siku ya pili waligeuza: kuku na mboga kwanza, mkate baadaye. Chakula hakikuongezwa wala kupunguzwa. Siku ile mboga na kuku vilipotangulia, sukari yao saa moja baada ya mlo ilikuwa chini kwa asilimia 37.

Sababu yake si ngumu. Protini na mafuta huufanya mfuko wa tumbo ufungue mlango wake wa chini polepole, basi wanga unaokuja nyuma huingia utumboni kidogokidogo. Utumbo nao hutoa homoni zinazoliamsha kongosho mapema, likawa tayari kabla mzigo haujafika. Utafiti ule ulitumia kuku, lakini yai ni protini na mafuta vilevile, na kachumbari ni mboga. Kijana wa Mkunguni, bila kujua, anauza kitangulizi kizuri sana. Mbaazi za nazi pia zina nafasi hapo, kwa kuwa zina nyuzinyuzi na wanga wake haukimbii. Kasoro ni kwamba sisi huzila zikiwa zimebebwa na mahamri.

Ukimaliza, tembea. Misuli inayofanya kazi huivuta sukari kutoka damuni hata insulini ikiwa dhaifu, na mji wenye vichochoro visivyopitika na gari umekupa uwanja bure. Kutoka baraza moja hadi baraza nyingine hakuhesabiki.

Upande wa moyo sitaupita kimya. Kiini cha yai kubwa kina lehemu miligramu 186 hivi. Mwongozo wa lishe wa Marekani uliokuwa ukiweka kikomo cha miligramu 300 kwa siku ulikiacha kikomo hicho kuanzia toleo la 2015, ila utafiti mkubwa wa 1999 uliona kwamba miongoni mwa wenye kisukari, walaji wa yai moja au zaidi kila siku walikuwa na maradhi ya moyo zaidi. Kwa hiyo trei nzima kwa wiki sikushauri. Anayetumia insulini au vidonge vya kuisukuma asipunguze wanga ghafla kabla ya kuzungumza na daktari wake, maana sukari kushuka mno ni hatari ya papo kwa papo.

Nilimweleza ami haya yote. Akanyamaza, akakoroga chai yake ambayo safari hii ilikuwa na kijiko kimoja, kisha akanitega: "Na futari je? Sunna ni kuanza na tende. Zamu yako hiyo umeiweka wapi?"

Swali zuri. Tende tatu ndogo zina sukari kama gramu 15, si nyingi ukilinganisha na sinia linalofuata. Tena baada ya tende watu huondoka kwenda kuswali Magharibi. Ukirudi mkekani, anza na mayai na kachumbari au supu ya samaki. Kaimati, viazi vya nazi na mkate wa sinia vingoje kama robo saa.

"Robo saa," akasema ami, akiangalia ndoo ya yule kijana. "Kaimati za shangazi yako zikingoja robo saa, utazikuta?"