Lara Croft si mwembamba, na binti yako haumwi

"Mwanamke mwembamba ama hali chakula, ama anaumwa." Nafanya kazi ya lishe hapa Moshi, na kauli hiyo naisikia kwa mama anayemleta binti yake kliniki, naisikia kwa muuza duka la dawa, na siku hizi naisikia kwa vijana wanaokesha na gemu na movi za mashujaa, ambao wana namna yao ya kuisema: "Huyu naye shujaa? Kwa mwili huu?" Safari hii imetoka kwa binti mwenyewe. Anasoma kompyuta, kwenye gemu anawafunga wavulana wa darasa lake, na amekuja kuniuliza atumie nini apate figa ya kibantu. Wenzake wamempachika jina la Lara Croft, shujaa wa kike wa gemu ya Tomb Raider, kisha wakaongeza kwamba Lara angalau ana kifua.

Nimechoka kulijibu hili kwa mtu mmoja mmoja.

Ilipotangazwa Desemba 2013 kwamba Gal Gadot ndiye atakayeigiza Wonder Woman, shujaa wa kike wa filamu, mashabiki wengi hawakuhoji kama anajua kuigiza. Walisema ni mwembamba mno na kifua hana. Huyo ni mwanamke aliyepita jeshini kwao Israeli. Alipoulizwa kuhusu kifua, alijibu kwa ngano ya Wagiriki, kwamba Waamazoni, wanawake wapiganaji, walikata titi moja ili lisiwasumbue wakivuta upinde. Alicia Vikander alijenga misuli ili amwigize Lara kwenye filamu ya Tomb Raider ya 2018, na watu wakajadili kifua chake. Daisy Ridley wa Star Wars alishambuliwa kutoka upande wa pili: mwaka 2016 ilibidi amjibu mtu aliyedai kwamba mwili wake unawawekea wasichana kipimo kisichofikika, na kwamba wanawake halisi wana umbo lililojaa. Kwa hiyo mwembamba ni pungufu kwa huyu, na kwa yule ni mkosaji anayewaharibia wenzake.

Sasa mtazame vizuri Lara Croft wa gemu ya kwanza, ya mwaka 1996. Kiuno cha dondora, kifua kikubwa, nyonga zimetanuka. Mimi napima watu kila siku ya kazi, na nakuambia huo sio wembamba. Titi ni tezi na mafuta, na kwa wanawake wengi mafuta ya mwili yakiwa machache, kifua nacho huwa kidogo. Makalio vivyo hivyo. Wapo waliojaliwa kiuno chembamba na kifua kikubwa kwa pamoja, lakini ni wachache, na hata wao hawafiki alikofikishwa Lara na mchoraji. Mchoraji ameondoa mafuta kiunoni, akayabakiza kifuani na nyongani, kwa sababu kompyuta inamruhusu. Ini, figo na utumbo havimhusu. Gemu iliporudiwa upya mwaka 2013 walimchora akakaribia zaidi umbo la mtu, lakini ule mwili wa kwanza ulikuwa umeshakaa vichwani mwa watu.

Hapa ndipo ninapokasirika. Binti mwenye kilo 48 analaumiwa kwa picha ambayo hafanani nayo, halafu anapimwa kwa picha hiyohiyo na kuonekana amepungukiwa. Wanaomwambia "mwanamke halisi ana nyama" wanadhani wanawatetea wanawake wanene. Wanene wanastahili kutetewa, nalisema kwa moyo wote, kwa sababu nawaona wanavyodharauliwa hata ndani ya vyumba vya matibabu, ambako mwanamke anakuja na maumivu ya goti na kutolewa na hotuba ya chipsi. Watengeneza filamu wanaochagua umbo la aina moja tu nao walaumiwe, wana hatia yao. Lakini huyu mwenye kilo 48 hakuchagua waigizaji wala hakuchora gemu. Kumwita njiti au kimbaumbau hakumwongezei mwanamke mnene heshima hata kidogo.

Kwetu kuna jambo zito zaidi, ambalo vijana wa leo wanalirithi bila kulijua. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walionekana Kagera mwaka 1983, na kule Uganda ugonjwa wenyewe uliitwa "slim" kwa jinsi ulivyokondesha. Waliokua miaka ile walijifunza kusoma kifo kwenye mashavu na mikono ya jirani. Ndiyo maana hadi leo binti akipungua kidogo anasemwa amekanyaga miwaya. Dawa za ARV zimeshabadilisha mambo, mtu anaishi na virusi akiwa na mwili wowote ule, lakini jicho la mtaa limebaki lilelile. Mama anayemburuta binti yake kliniki namwelewa. Anaogopa kitu alichokiona.

Nije kwenye vipimo, haraka. Kilo 48 kwa urefu wa mita 1.65 ni BMI 17.6 (yaani kilo zikigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe), chini ya 18.5, kwa hiyo kwenye chati anaangukia uzito pungufu. Akiongeza kilo mbili na nusu anakuwa "kawaida". Hesabu hii chanzo chake ni Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19, mwanahisabati aliyekuwa akitafuta wastani wa watu wengi. Hakuwa daktari. Ninachotaka kujua ni kama uzito unashuka au umetulia tangu abalehe, kama hedhi inakuja kwa mpangilio, kama kuna homa, kikohozi, jasho la usiku, kiu isiyoisha, kama anakula bila hofu, na kama mama na bibi nao wako hivyohivyo. Wapo watu wembamba kwa maumbile, wenye afya, na utafiti wa Cambridge uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba vinasaba vina mchango wao katika hilo.

Hata hivyo sijatulia. Msichana wa miaka 17 mwenye BMI 17, hedhi ipo, vipimo vyote safi: nimwache au nimfuatilie? Nikimwita kila mwezi kumpima, namfundisha kwamba mwili wake ni tatizo. Nikimwacha, huenda nikapitwa na anoreksia inayoanza, ule ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, maana nayo inajua kujificha, na mwenye nayo atakuambia anakula. Naamua kwa mtu mmoja mmoja, na zipo siku naondoka kazini nikiwa bado najiuliza. Ikiwa ndivyo kwa mtu aliyeketi mbele yangu, na mizani ipo, wewe unampimaje mwigizaji kwenye skrini?

Hofu yangu kubwa ni mahali maneno haya yanapomwishia binti. Anakwenda duka la dawa na kurudi na vidonge vya kunenepa. Mara nyingi ni cyproheptadine, dawa ya mzio inayochochea hamu ya kula na kumfanya asinzie darasani, ikichanganywa na dexamethasone, dawa ya kutuliza uvimbe. Hii ya pili inajaza uso na tumbo, inapandisha sukari na presha, inadhoofisha misuli na mifupa. Nyonga anazozitafuta hazipati.

Kama unaitumia dexamethasone tayari na zimepita wiki kadhaa, usiiache ghafla. Tezi zilizo juu ya figo huzoea kupumzika dawa ikifanya kazi yao, na dawa ikikatika kwa mara moja unaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha ikashuka hadi ukazimia. Nenda hospitali wakupunguzie dozi taratibu. Beba na pakiti, au hata kidonge kimoja kilichobaki, kwa sababu vingi vinauzwa kwenye vikaratasi visivyo na jina.