Mfalme aking'olewa, jina la ukoo linatoka wapi?

Wengi huamini kwamba kila familia ya kifalme ina jina la ukoo lililofichwa nyuma ya taji, na kwamba taji likianguka jina hilo hujitokeza. Sivyo. Mara nyingi halikuwepo. Watawala wapya ndio hulibandika.

Louis XVI wa Ufaransa alisimamishwa mbele ya bunge la mapinduzi Desemba 1792 akiitwa Louis Capet. Alilikataa: lilikuwa la mababu, si lake. Na alikuwa na haki, kwani Hugues Capet alitawazwa mwaka 987, na hata kwake Capet lilikuwa lakabu tu. Mwezi uliofuata alikatwa kichwa kwa jina ambalo hakuwahi kulitumia.

Ujerumani ilifanya kinyume. Katiba ya 1919 iligeuza vyeo kuwa sehemu ya jina, kwa hiyo "Prinz von Preussen" (mwanamfalme wa Prussia) kwenye kitambulisho si cheo tena. Austria, mwaka huohuo, ilifuta hata ile "von" ("wa"), alama ya ukabaila katika jina. Ndiyo maana Otto, mwana wa kaisari wa mwisho wa Austria, alikuwa von Habsburg kwa Wajerumani, ila Habsburg-Lothringen tu nchini Austria.

Ugiriki nayo, kwa sheria ya 1994, ilimtaka Constantine II, mfalme wake wa zamani, awe na jina la ukoo ili apate uraia. Alishikilia kwamba hana. Glücksburg, analoitwa mpaka leo, ni jina la mji wa Ujerumani. Alifariki Januari 2023. Desemba 2024 jamaa zake walirudishiwa uraia kwa jina walilolichagua wenyewe: De Grèce, yaani "wa Ugiriki" kwa Kifaransa.