Kamanda wa mamluki katika vita vya dini vya Ulaya: alikuwa nani hasa?

Katika Ulaya ya karne ya 16 na 17, mamluki alikuwa askari anayempigania yeyote anayemlipa. Kamanda wa mamluki alikuwa kitu kingine: mkandarasi. Mtawala aliyetaka vita huku hazina yake ikiwa tupu alimpa hati ya kuandikisha jeshi. Kamanda ndiye aliyetafuta watu, akawanunulia mikuki na bunduki na kuwalisha, kisha akamdai mwenye tenda. Mtaji ulikuwa wake au wa kukopa. Chini yake makanali nao walichukua vipande vya tenda hiyohiyo, na chini ya makanali, makapteni.

Kama ilivyo kwa tenda nyingi, wizi haukukosekana. Kapteni alilipwa kwa idadi ya majina kwenye daftari, hivyo askari hewa walikuwa wengi. Mkaguzi akija kuhesabu, watumishi na watu walioazimwa kombania ya jirani walishikishwa silaha na kupangwa mstarini. Kesho yake kila mtu alirudi kwake.

Mfano wa wazi ni Ernst von Mansfeld wa Vita vya Miaka Thelathini (1618–1648). Alikuwa mtoto wa nje ya ndoa wa gavana wa Luxembourg, akalelewa Mkatoliki, na mwanzoni akawatumikia Wahabsburg, ukoo wa makaisari wa Ujerumani na vigogo wa upande wa Wakatoliki. Baadaye akahamia kwa Waprotestanti. Mwaka 1618 aliuteka mji wa Pilsen kwa niaba ya Waprotestanti wa Bohemia (leo ni Ucheki) walioasi utawala wa Wahabsburg. Lakini Novemba 1620, waasi hao walipovunjwa kwenye Mlima Mweupe karibu na Prague, Mansfeld hakuwapo. Alikuwa Pilsen, malipo yake hajayapata, na alikwisha anza mazungumzo na upande wa kaisari. Wengi humwita msaliti. Mimi naona alifanya kile ambacho mkandarasi asiyelipwa hufanya: alisimamisha kazi.

Shida ni kwamba jeshi halisimami bila kula. Asipokuwa na mwajiri, kamanda hakuweza kuwaambia maelfu ya watu wenye silaha warudi makwao huku anadaiwa mishahara yao. Mwishoni mwa 1622 Mansfeld aliliingiza jeshi lake Friesland Mashariki, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, nchi ya Waprotestanti, yaani watu wa upande uleule aliokuwa akiupigania, na likaila nchi hiyo hadi 1624. Vijiji vilitozwa fedha na nafaka kwa tishio moja: lipeni au tuwachome moto.

Aliyeugeuza utozaji huo kuwa mfumo ni Albrecht von Wallenstein, aliyemshinda Mansfeld kwenye daraja la Dessau Aprili 1626. Huyu alizaliwa katika familia ya Kiprotestanti, akawa Mkatoliki, na mwaka 1625 akajitolea kumuundia Kaisari Ferdinand II jeshi. Askari wake walitoza miji kwa viwango vilivyopangwa, ya maadui na hata ya washirika wa kaisari. Fedha za kuanzia zilitoka kwa Hans de Witte, mfanyabiashara wa Prague aliyekuwa Mkalvini. Mprotestanti, basi, ndiye aliyekopesha jeshi la Wakatoliki. Dini ilikuwa sababu ya kweli kwa watu wengi vitani humo, ila kwenye vitabu vya hesabu haikuonekana.

Watawala waliwahitaji makamanda hawa na wakawaogopa, kwa kuwa askari walimtambua yule anayewalipa. Mwaka 1630 Ferdinand alimwachisha kazi Wallenstein kwa shinikizo la wakuu wa Ujerumani waliochoshwa na utozaji wake. De Witte, ambaye mikopo yake ilitegemea makusanyo hayo, alifilisika na kujiua. Wasweden, walioingia vitani upande wa Waprotestanti, walipozidi nguvu, Wallenstein akarudishwa. Kisha akashukiwa kuzungumza na maadui kwa siri, na Februari 1634 akauawa mjini Eger na maofisa wa jeshi lake mwenyewe. Kaisari hakuwa na fedha taslimu za kuwalipa, kwa hiyo aliwagawia mashamba ya marehemu.