Mkono huu ni wa nani?

Mama mmoja aliletwa wodini kwetu siku ya pili baada ya kupata kiharusi. Mshipa ulikuwa umeziba upande wa kulia wa ubongo, na mkono wake wa kushoto umelala juu ya shuka bila nguvu. Nikaunyanyua. "Mama, mkono huu ni wa nani?" Akautazama kwa makini. "Wa binti yangu. Ameusahau hapa." Nikamwonyesha pete ya ndoa kidoleni. "Pete ni yangu," akasema, "ila sijui kaivaaje." Hakuwa amechanganyikiwa. Siku aliijua, na mimi aliniuliza kama nimekunywa chai.

Mimi ni daktari wa mishipa ya fahamu, na kwa miaka mingi nililiona swali lile kuwa la ubongo peke yake. Kumbe kuna mfumo mwingine unaolijibu mchana na usiku: kinga ya mwili. Nayo haizaliwi na orodha ya vitu vyetu. Inafundishwa.

Nyuma ya mfupa wa kidari kuna tezi iitwayo thaimasi, kubwa utotoni, inayonyauka kadiri tunavyozeeka. Humo seli changa za T, askari wa kinga, hupewa mtihani: zinaonyeshwa vipande vya protini za mwili wenyewe. Seli inayong'ang'ania kipande kwa nguvu kwa kawaida huuawa; isiyoweza kushika chochote nayo hufa. Katika kila seli 100, zinazotoka hai hazizidi 5. Kinachonistaajabisha zaidi ni kwamba thaimasi hutengeneza hata insulini kidogo, kazi ya kongosho, si kwa ajili ya sukari bali kuzionyesha seli hizo: hii ni ya kwetu, msiiguse. Somo hilo likikosewa, kinga inaweza kuivamia kongosho na mtoto akapata kisukari.

Mwaka 1953 mwanasayansi wa Uingereza Peter Medawar na wenzake walidunga vijusi vya panya kwa seli za panya wa ukoo mwingine. Panya hao walipokua, walipandikizwa ngozi ya ukoo ule na hawakuikataa. Walichokutana nacho mapema walikihesabu kuwa chao.

Ubongo nao hujifunza, kwa njia yake. Unaposogeza kidole, unatabiri utakachohisi, kisha unalinganisha na kinachokuja. Ndiyo maana huwezi kujitekenya. Pia hulinganisha kinachoonwa na macho na kinachohisiwa na ngozi, na hapo hudanganyika. Mwaka 1998 watafiti Matthew Botvinick na Jonathan Cohen waliuficha mkono halisi wa mtu, wakaweka wa mpira mbele yake, wakaipitishia yote miwili brashi kwa wakati mmoja. Watu wakahisi mguso kwenye mpira. Kinga haikubali kirahisi hivyo: aliyepandikizwa figo kwa kawaida humeza dawa za kuishusha maisha yake yote.

Mwaka huohuo, huko Lyon, Ufaransa, Clint Hallam wa New Zealand alipandikizwa mkono wa marehemu. Upasuaji ulifaulu, vidole vikaanza kufanya kazi. Lakini akilini hakuuhisi kuwa wake. Akaacha dawa, kinga ikaukataa, na Februari 2001 ukakatwa London kwa ombi lake mwenyewe. Mkono ule ulihitaji kukubaliwa mara mbili.

Wakati mwingine kinga huugeukia ubongo wenyewe. Mwaka 2007 daktari Josep Dalmau na wenzake walieleza ugonjwa ambao kingamwili, silaha za kinga, hushambulia vipokezi vya NMDA, sehemu za seli za ubongo zinazopokea ujumbe. Mara nyingi mgonjwa ni msichana, pengine ana uvimbe kwenye ovari wenye tishu za neva ndani yake. Anasikia sauti, anapayuka, anapata degedege, kisha ananyamaza kabisa. Kwetu wengi watasema amepandwa na mashetani, na wiki zinapita. Nakuomba, ndugu msomaji, msichana aliyebadilika ghafla namna hiyo mpelekeni hospitali mapema. Uvimbe ukitolewa na kinga ikitulizwa kwa dawa, wengi hupona.

Yule mama, siku ya tisa nilimkuta ameketi kitandani, anaupaka mkono wa kushoto mafuta ya nazi, kidole kimoja kimoja.

"Wa nani huo, mama?"

"Wangu," akasema bila kuinua macho. "Mzito tu."