Muuza umeme anapoamriwa kuuza kidogo: maana ya wajibu wa kuokoa nishati

Wenye ndugu Ufaransa huenda wamesikia habari hii kwenye simu: mafundi walikuja, wakatandika pamba ya kioo juu ya dari yote ili joto lisitoroke, na mwenye nyumba akatoa euro 1 tu. Haikuwa sadaka, wala serikali haikutoa hela mfukoni mwake. Aliyelipa ni kampuni inayouza umeme, gesi au hata benzini, kwa sababu sheria inaibana.

Huo ndio wajibu wa kuokoa nishati. Serikali inaipa kila kampuni kubwa ya nishati kiwango: ndani ya miaka kadhaa, hakikisha matumizi ya watu yamepungua kwa kiasi hiki, la sivyo utalipa faini. Ufaransa iliuanzisha kwa sheria ya Julai 2005, na utaratibu wenyewe unaitwa CEE, yaani vyeti vya kuokoa nishati. Uingereza nayo ilianzisha wake, ECO, mwaka 2013 chini ya usimamizi wa Ofgem, mdhibiti wa umeme na gesi. Huo ulilenga zaidi familia zenye kipato kidogo zilizokaa katika nyumba za baridi.

Kampuni yenyewe haishiki mwiko. Inamlipa fundi, inakusanya karatasi za ushahidi, inapewa vyeti vya kWh zilizookolewa. Iliyopungukiwa inaweza kununua vyeti kwa mwenzake.

Hesabu yake inafaa kuangaliwa kwa karibu. Ondoa balbu ya zamani ya wati 60, weka ya LED ya wati 9. Ikiwaka saa 5 kila siku, kwa mwaka umeokoa kama kWh 93. Kwa miaka 10 ungesema 930, lakini Wafaransa wanakata asilimia 4 kila mwaka unaofuata, maana akiba ya kesho inahesabiwa pungufu kuliko ya leo. Mwishowe cheti hakifiki hata kWh 800. Kumbuka pia kwamba hayo ni makadirio ya kwenye jedwali. Hakuna anayekuja kusoma mita yako baada ya miaka 10.

Na penye jedwali, wajanja hawakosi. Ufaransa ilijaa wauzaji wa kwenye simu na kazi za ovyo, mpaka sheria ya Julai 2020 ikapiga marufuku kuwapigia watu simu ili kuwauzia kazi za aina hiyo bila wao kuomba. Kwangu mimi kasoro kubwa zaidi iko kwingine. Kampuni inarudisha gharama zake kwenye bei, kwa hiyo mpangaji ambaye dari yake haitaguswa kamwe naye anachangia.

Je, wajibu huu ungefaa kwetu Lubumbashi, Kongo? Dari zetu hazihitaji pamba ya kioo. Kinachokula umeme hapa ni resho (jiko la umeme), na kampuni isiyo na umeme wa kutosha ingefurahi kuona matumizi yakipungua: delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, ingelegea kidogo. Eskom, kampuni ya umeme ya Afrika Kusini, ilipobanwa na upungufu, iligawa bure mamilioni ya balbu zisizokula sana. Sheria yetu ya Juni 2014 ilifungua soko la umeme kwa kampuni binafsi na kuweka mamlaka ya udhibiti, kwa hiyo yupo wa kutoa amri ya namna hiyo.

Tatizo linaanza kwa mteja anayelipa forfé, yaani bei moja isiyobadilika, bila mita. Awashe resho mchana kutwa au alizime, fakitire ni ileile. Ukimpa balbu mpya hana faida anayoiona. Kwake cash power (mita ya kulipia kabla) ingetangulia, kisha balbu. Halafu kuna makala, yaani mkaa. Nyumba nyingi zinapikia mbabula (jiko la makala), na mfuko wa makala unaingia mjini juu ya baiskeli, umeuzwa na mtu asiye na leseni wala daftari la wateja. Wajibu huu hauna pa kumshikia.