Je, Wajua Kwa Nini Mwamba na Ziwa Humtuliza Aliyejeruhiwa Dhamiri, Lakini Havimsamehe?

Meli ya MV Bukoba ilipopinduka katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, waokoaji walitoboa tumbo lake ili wawatoe watu walionasa ndani. Hewa iliyokuwa ikiifanya ielee ikatoka, meli ikazama. Mtu aliyeshuhudia jambo kama hilo kwa karibu anaweza kubeba madonda mawili, na mara nyingi watu huyatibu kana kwamba ni moja.

La kwanza ni kiwewe, yaani hofu iliyobaki mwilini: moyo kwenda mbio kivuko kikipiga honi, kushtuka usingizini, kuukwepa mwalo, yaani mahali mitumbwi inapotia nanga. La pili ni jeraha la dhamiri. Hapa kinachouma ni lile alilolifanya mtu, au aliloshindwa kulizuia, wakati nafsi yake yenyewe inalikataa. Jonathan Shay, daktari wa akili aliyewatibu askari wa Marekani waliotoka Vietnam, alilieleza miaka ya 1990 akitazama zaidi usaliti wa wakubwa. Mwaka 2009 Brett Litz na wenzake wakaingiza pia anayejilaumu kwa kuvunja miiko yake mwenyewe. Wala si la askari tu. Lipo kwa muuguzi aliyelazimika kuchagua nani apate oksijeni, na kwa mvuvi aliyevuta maiti nyingi kuliko walio hai.

Sasa asili inaingia wapi? Mwili wenye kiwewe hukaa kama mlinzi asiyepokelewa zamu. Upepo, majani na mawimbi madogo huvuta macho na masikio bila kuyachosha, na akili hupata nafasi ya kuacha kuwinda hatari. Mwaka 2015 Gregory Bratman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliona kwamba watu waliotembea dakika 90 penye miti na nyasi walipunguza kutafuna wazo baya lilelile, na sehemu ya ubongo inayohusika ilitulia. Waliopita kando ya barabara yenye magari hawakupata nafuu hiyo. Lakini hao walikuwa watu wenye afya ya akili, kwa hiyo matembezi ni msaada wa tiba, hayachukui nafasi yake.

Kwa Mwanza, anza na mwamba, si ufukwe. Ushauri wa kumpeleka kila mtu majini ni wa haraka mno: ziwa lilelile linalomburudisha mgeni ndilo lililomeza ndugu wa mwenyeji. Tafuta jiwe kubwa mlimani, mgongo uwe umekingwa na mbele uone njia ya kuondokea. Mwenye kiwewe hatulii akihisi kuna mtu nyuma yake. Maji yaonekane kwa mbali tu, au yasionekane kabisa. Nenda saa 12:30 hadi saa 2 asubuhi, kabla jiwe halijachemka, na uende na mtu unayemwamini.

Dakika 20 zinatosha mwanzoni, mara tatu kwa wiki. Usifumbe macho, kwa sababu gizani ndiko picha mbaya hujia. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita au nane, mara kumi. Pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayopunguza mwendo wa moyo. Kisha taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona: pimbi anayeota jua, mjusi mwekundu na bluu, furukombe akizunguka. Kumbukumbu ikivamia, bonyeza viganja kwenye jiwe lenye kukwaruza na utazame mbali. Isipopungua baada ya dakika chache, ondokeni. Kujilazimisha kuvumilia huufundisha mwili kwamba hata pale mlimani si salama. Baada ya wiki kadhaa sogeeni karibu na maji kidogo kidogo. Kisiwa cha Saanane ni kizuri sana, ila kinafikiwa kwa boti, basi kiwe cha mwisho.

Mkifika ufukweni msitie miguu majini. Konokono wa kando ya ziwa hubeba kichocho, na kwenye matete kunaweza kuwa na mamba. Pombe nayo iachwe nyumbani: humlaza mtu haraka, kisha humwamsha usiku wa manane akiwa na picha zilezile.

Haya yote yanashughulikia hofu. Hatia hubaki, na wengi hukata tamaa hapo: mwili umetulia, dhamiri bado inauma. Hatia inataka msikilizaji. Tembeeni sambamba, kwa kuwa ni rahisi kusema neno zito bila kutazamana usoni. Msikilizaji asikimbilie “si kosa lako” wala “ni mapenzi ya Mungu”. Mwenzake atasikia kwamba amenyamazishwa. Amuulize: ulijua nini saa ile? Ungeweza nini kwa vifaa ulivyokuwa navyo? Nani mwingine alikuwa na uamuzi? Majibu huigawa lawama kwa wenyewe, na sehemu iliyo yake kweli, ikiwa ipo, hutafutiwa kitendo: kuwafundisha vijana wa mwaloni kuvaa jaketi okozi, au kuitembelea familia iliyofiwa iwapo yenyewe imeridhia. Padri, shehe au mzee wa ukoo anaweza kusimama hapo vizuri kuliko daktari.

Jihadharini na tarehe. Karibu na 21 Mei, au 20 Septemba, siku kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara mwaka 2018, nafuu ya miezi inaweza kurudi nyuma kwa siku kadhaa. Fupisheni matembezi, msiyaache. Mtu akianza kusema afadhali naye angezama, asiachwe peke yake mlimani wala ufukweni. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na anayempeleka abaki naye mpaka aonane na daktari.